Mshauri kasema tuhamie Morisi kodi ni asilimia 3, mwekezaji naye kaitaja Morisi. Nani yuko sahihi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Dar es Salaam, nalifupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Mimi na wenzangu wawili tuna kampuni ya programu ya simu inayowasaidia wenye maduka kutunza hesabu. Wateja wengi wako Tanzania, Uganda tumeshaanza na Rwanda tunaiangalia. Kuna mshauri katuambia tuhamishie kampuni Morisi, kule kodi ni asilimia 3 tu, hakuna atakayejua wenye kampuni ni nani, na atatufungulia ndani ya wiki 2. Wakati huo huo kuna mwekezaji wa nje tunaongea naye, na yeye kaitaja Morisi bila hata kuulizwa. Hiki kisiwa kina nini hasa, na sisi kitatufaa?"

Marahaba dada yangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla hujalipa, maana wengi wanakuja wakiwa wameshatoa hela, kampuni ipo, na sasa kazi inakuwa kuifunga, na kuifunga ni kazi kuliko kuifungua.

Nianze na kitu kimoja ambacho naona ndo kinawachanganya. Watu 2 wamekutajia neno lile lile ila kila mmoja anamaanisha kitu chake. Mwekezaji akisema Morisi anafikiria sheria, anafikiria hisa zake zitalindwa wapi siku mkigombana. Mshauri akisema Morisi anafikiria kodi. Huyo mwekezaji ana hoja ya kusikilizwa, huyo mshauri kwa hayo uliyoniandikia amekosea karibu kila mstari, na nitakuonyesha wapi.

Kwanza uelewe hiki kisiwa kilifikaje hapo, maana kuna watu wanadhani ni sanduku la posta tu baharini. Morisi ilipata uhuru Machi 12, 1968. Ardhi yote ni kama kilomita za mraba 2,000, watu milioni 1 na robo hivi, hamna mafuta, hamna madini, kilichokuwepo ni miwa. Mwaka 1961 mchumi wa Kiingereza James Meade, ambaye baadae alikuja kupata tuzo ya Nobel, aliandika ripoti yenye wasiwasi mkubwa sana juu ya nchi ile, watu wanaongezeka na ajira hakuna. Wenyewe wakaanza kujikwamua taratibu: 1970 wakatunga sheria ya viwanda vya kuuza nje na nguo zikaanza kushonwa, 1989 wakafungua soko la hisa, 1992 wakapitisha sheria ya kampuni zinazofanya biashara nje ya nchi, 1994 wakasimamisha udhibiti wa fedha za kigeni, 2001 wakawa na sheria mpya ya makampuni na mamlaka ya kusimamia huduma za fedha, ile inayoitwa Financial Services Commission. Ukiangalia hiyo mfululizo unaona ni nchi iliyokaa ikajenga kitu miaka 30, leo pale Ebène, mji wao wa maofisi, kuna maghorofa yamejaa wahasibu, mawakili na makampuni ya usimamizi, na hao watu wanaijua kazi yao.

Sasa kwa nini mwekezaji anapenda pale. Sheria. Waingereza walipokichukua kisiwa kutoka kwa Wafaransa mwaka 1810 waliacha sheria za Kifaransa za mikataba na mali ziendelee, halafu sheria ya makampuni ikaja kufuata njia ya Kiingereza, kwa hiyo wakili wa London na wakili wa Paris wote wakifungua makaratasi ya Morisi wanaona kitu wanachokifahamu. Na rufaa ya mwisho kabisa ya nchi hiyo, mpaka leo, inaweza kwenda kwenye kamati ya majaji ya Privy Council kule London. Hebu fikiria wewe ni mfuko wa uwekezaji, unaweka dola milioni 2 kwenye kampuni ya vijana 3 usiowajua vizuri, mkataba wenu wa wanahisa una vipengele vya nani akipiga kura ya kukataa jambo linasimama, nani analipwa wa kwanza kampuni ikiuzwa, hisa za aina ya pekee zenye haki zake. Unataka ukifika mahakamani hakimu awe ameshaona vitu kama hivyo mara nyingi. Hicho ndicho anachokinunua mwekezaji wako, na mimi simlaumu.

Kitu cha pili ni pesa kuingia na kutoka. Kampuni yenye leseni ya biashara ya kimataifa pale inafungua akaunti ya dola, ya yuro, ya pauni, na inalipa popote bila kuomba kibali cha kuhamisha fedha. Wawekezaji 5 kutoka nchi 5 wanaweka hela kwenye sufuria moja, halafu sufuria inagawa Dar, Kampala, Kigali. Mabenki yao ni ya siku nyingi, Mauritius Commercial Bank ipo tangu 1838. Ndo maana mifuko mingi ya uwekezaji inayoingia Afrika, ikiwemo ile yenye hela za taasisi za maendeleo za Ulaya, imesajiliwa pale.

Na ni kweli kodi ni nyepesi, hilo silipingi. Kodi ya makampuni ni asilimia 15, gawio (faida wanayogawiwa wenye hisa) likitoka kwenda nje halikatwi kodi ya zuio, yaani ile inayokatwa kabla hela haijakufikia, ukiuza hisa faida yake haitozwi kodi, na kodi ya urithi hakuna.

Hiyo asilimia 3 sasa. Imetoka wapi? Zamani kampuni yenye leseni ya daraja la kwanza ilikuwa inahesabiwa kama vile imeshalipa kodi nje kwa asilimia 80 ya ile inayodaiwa, hata kama haijalipa kitu, kwa hiyo ile 15 inabaki 3. Nchi tajiri za OECD na Umoja wa Ulaya wakapiga kelele, na kuanzia Januari 1, 2019 mfumo ukabadilishwa. Sasa hivi kuna msamaha wa asilimia 80 lakini ni kwa aina fulani tu za mapato, zimeandikwa: gawio kutoka nje, riba kutoka nje, mapato ya mifuko ya uwekezaji, kukodisha meli na ndege, na mengine machache ya namna hiyo. Msamaha huo ukiupata, unatozwa 15 kwenye ile 20 iliyobaki, ndo hiyo 3. Dada, mapato yenu ninyi ni ada ya mwezi ya kutumia programu. Hiyo haimo kwenye orodha. Kwa hiyo kampuni yenu ikiuza huduma kutokea Morisi kodi yake ni 15 kama duka lolote la Port Louis, mji mkuu wao, na mshauri aliyekutajia 3 bila kukuuliza mnaingizaje hela hakufanya kazi yake.

Hapo bado hatujafika kwenye kosa kubwa.

Kosa kubwa ni kudhani kampuni inakaa pale ilipoandikishwa. Kwenye kodi kampuni inakaa pale inapoamuliwa. Sheria yetu ya kodi ya mapato ya 2004 inasema kampuni ni mkazi wa Tanzania kama imesajiliwa hapa, au kama wakati wowote ndani ya mwaka usimamizi na udhibiti wa mambo yake umefanyika hapa. Soma tena hayo maneno "wakati wowote ndani ya mwaka". Ninyi watatu mnaishi Dar, mnakaa kwenye meza moja Dar, bei mnapanga Dar, mtu anaajiriwa Dar, mkataba na mteja wa Kampala mnaukubali mkiwa Dar. Hiyo kampuni hata ikiwa na cheti kizuri cha Morisi chenye muhuri, ni mkazi wa Tanzania, inadaiwa asilimia 30 kwa faida yake ya dunia nzima, na inadaiwa kuandikishwa na kuleta ritani hapa kama kampuni yoyote ya hapa.

Na nina wasiwasi na hizo wiki 2. Kampuni yenye leseni kamili ya biashara ya kimataifa inataka vitu: wakurugenzi angalau 2 wakazi wa Morisi wenye uwezo na uhuru wa kuamua, akaunti kuu ya benki iwe kule, vitabu vya hesabu vikae kule, oditi ifanyike kule, vikao vya bodi viwe na wakurugenzi wale 2 wa kule, na zaidi ya hapo shughuli zinazoleta yale mapato zifanyike kule, kwa wafanyakazi na matumizi yanayolingana na ukubwa wa biashara. Benki peke yake kukukubali inaweza kula muda kuliko usajili wenyewe, watataka kujua hela imetoka wapi, wenye kampuni ni nani, biashara ni ipi, wataomba na bili ya umeme ya nyumbani kwako. Ukisikia wiki 2 na bei ya chini, mara nyingi unauziwa kile wanachokiita Authorised Company. Hiyo kweli kodi yake Morisi ni sifuri kwa mapato ya nje, ila sababu yake ni kwamba sheria yao inaihesabu si mkazi wa Morisi. Haipati cheti cha ukazi wa kodi, haiguswi na mkataba wowote wa kodi kati ya Morisi na nchi nyingine, na sharti lake ni kwamba usimamizi wake mkuu uwe nje ya Morisi. Sasa nje wapi? Ukiulizwa na mkaguzi utajibu nini? Yaani makaratasi yenu wenyewe mliyosaini yanasema kampuni haiendeshwi kule, na wenye kuiendesha wote wako Dar. Mmeshajaza fomu ya kukiri.

Nikupe kisa nilichokiona kwa macho yangu. Niliitwa kusaidia kampuni moja, sitaitaja, ilikuwa na leseni kamili ya Morisi, wakurugenzi 2 wa kule, ofisi ya kulipia, kila kitu. Mkaguzi wa kodi aliweka karatasi 3 mezani kwa kuzipanga. Ya kwanza muhtasari wa kikao cha bodi uliosema mkurugenzi mwanzilishi alihudhuria "mwenyewe" Ebène tarehe fulani. Ya pili kurasa za pasipoti yake, hamna muhuri wa safari hiyo, mwaka mzima alikwenda mara 1. Ya tatu ni barua pepe aliyowaandikia wale wakurugenzi 2, mistari 2 tu: naomba msaini hii kabla ya saa 10 jioni, hela inatakiwa itoke leo. Hakuna aliyeuliza chochote kule, walisaini wakarudisha. Yule mkaguzi hakuongea sana. Zikahesabiwa kodi za miaka kadhaa nyuma, na riba, na faini, na yule kaka alikuwa mtu mwaminifu kabisa, shida ni kwamba alinunua makaratasi na akaaminishwa kwamba makaratasi ndo kampuni. Mpaka leo nikiletewa faili la Morisi naanza na pasipoti.

Tuje kwenye hesabu sasa, maana hapa ndo watu wanashtuka. Chukua faida ya 100 iliyopatikana Tanzania na kampuni yenu ya Tanzania. Kodi ya kampuni 30, inabaki 70. Mkijigawia gawio moja kwa moja ninyi wakazi wa hapa, kodi ya zuio asilimia 10, yaani 7, mnabaki na 63 mfukoni na hadithi imeisha, hiyo zuio ndiyo kodi ya mwisho. Sasa weka kampuni mama ya Morisi katikati. Kodi 30 iko pale pale, Morisi haiigusi. Gawio kwenda Morisi linakatwa zuio asilimia 10 ile ile, sisi na Morisi hatuna mkataba wa kodi unaofanya kazi wa kuipunguza. Morisi inapokea 63, na tuseme mhasibu wao mzuri anatumia kodi mliyolipa Tanzania kufuta ya kule, hamlipi kitu. Mpaka hapo mko sawa sawa na mwanzo, toa gharama za wakurugenzi, oditi na kampuni ya usimamizi ambazo ni maelfu ya dola kila mwaka. Halafu hela inarudi kwenu Dar. Gawio kutoka kampuni ya nje kwa mkazi wa Tanzania halina ile zuio ya mwisho ya 10, linaingia kwenye mapato yako ya kawaida na kutozwa kwa viwango vya mtu binafsi, juu kabisa asilimia 30. 63 ikikatwa 30 kwa mia unabaki na 44 na senti. Mmeanzisha kampuni ya kupunguza kodi na mmepoteza karibu 19 katika kila 100! Na msiseme tutaziacha hela kule kule, sheria yetu ina vifungu vya kampuni za nje zinazodhibitiwa na wakazi, faida inaweza kuhesabiwa kwenu hata haijagawiwa.

Kuna watu watakwambia basi kampuni ya Morisi iimiliki programu halafu iitoze kampuni ya Dar mrabaha (malipo ya kuitumia programu hiyo) na ada za usimamizi, faida ihamie kule. Malipo hayo yakitoka hapa yanakatwa zuio asilimia 15, halafu utaulizwa programu iliandikwa na nani, na walioiandika wako wapi, na bei hiyo ya mrabaha mmeipataje. Kama waandishi wa programu wako Sinza na Morisi kuna mkurugenzi wa kukodi, hapo hamna jibu. Msiende huko.

Mikataba ya kodi ndiyo iliyoijenga Morisi kwa kweli, na ndiyo inayoonyesha kwa nini msijenge nyumba juu ya mkataba peke yake. Wa India ulisainiwa 1982. Kwa mkataba ule, ukinunua hisa za kampuni ya India kupitia Morisi na ukauza kwa faida, mwenye haki ya kutoza kodi alikuwa Morisi, na Morisi haitozi. Hela zikafurika, kwa miaka mingi kakisiwa haka kakawa ndo mwekezaji wa nje namba moja wa India kwa takwimu, wakati wenye hela walikuwa Wamarekani, Wazungu, na wengine Wahindi wenyewe wakizungusha hela zao zirudi nyumbani. Kesi ikafika mahakama ya juu ya India, 2003 mahakama ikasema mkataba ni mkataba, uheshimiwe. Serikali ya India ikakaa kimya ikajadiliana, Mei 2016 ikasainiwa nyongeza, hisa zilizonunuliwa kuanzia Aprili 1, 2017 India inatoza yenyewe. Kitu kilichokaa miaka zaidi ya 30 kikaondoka kwa saini 1.

Afrika nako ni hivyo hivyo. Kenya ilisaini mkataba na Morisi mwaka 2012, wanaharakati wa haki ya kodi wakaenda mahakamani, na Machi 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ikautupilia mbali kwa sababu haukupelekwa bungeni inavyotakiwa. Senegali ikajitoa kwenye wake, Zambia nayo 2020 ikatangaza kujitoa, hoja yao ni moja, tunapoteza kodi na hatuoni tunachopata. Mimi kwa hili niko upande wao, nasema wazi, kwa sababu shule na zahanati haziwezi kujengwa na faida inayosafiri usiku na kuacha hasara mchana.

Kwenu ninyi mikataba inayoweza kuwahusu ni ya Uganda na Rwanda, zote zina mkataba na Morisi. Mfano Uganda, gawio kwenda nje kwa kawaida zuio ni 15, kwa mkataba linashuka mpaka 10. Sasa faida yenu ya Kampala ni kiasi gani kwa leo? Punguzo ni 5 kwa mia ya gawio, na gawio ni kile kinachobaki baada ya kodi yao ya kampuni ya 30. Na Uganda walishajifunza, sheria yao yenyewe inadai anayepokea awe mmiliki wa kweli wa hayo mapato na awe na shughuli za kiuchumi za kweli kule kwenye nchi ya mkataba, si anwani tu. Turudi pale pale pa wakurugenzi na wafanyakazi. Kampuni yenye faida ya Kampala ya dola laki 5 inaweza kukaa ikapiga hesabu hiyo, yenu bado.

Hilo la "hakuna atakayejua" limenisikitisha kuliko yote, kwa sababu linauzwa kwa watu wasio na kitu cha kuficha na linawafanya waonekane wana kitu. Siri hiyo haipo. Benki ya kule haifungui akaunti bila kumjua mmiliki manufaa, yaani mtu wa mwisho mwenye nyama na damu. BRELA, wakala wetu wa usajili wa makampuni, nayo tangu mabadiliko ya sheria ya 2020 inadai wamiliki manufaa waandikishwe, kwa hiyo kampuni yenu ya Dar ikimilikiwa na ya Morisi majina yenu yatajazwa hapa. Morisi inabadilishana taarifa za akaunti za benki na nchi nyingine tangu 2018. Na nyaraka zinavuja pia, Julai 2019 waandishi wa habari za uchunguzi wa ICIJ walitoa mafaili zaidi ya 200,000 yaliyotoka kwenye ofisi moja ya mawakili pale pale kisiwani.

Kuna hatari nyingine watu hawaifikirii, ni jina la nchi kuchafuka wakati wewe upo ndani. Februari 2020 FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, iliiweka Morisi kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, mwaka huo huo Umoja wa Ulaya nao ukaiweka kwenye orodha yake ya nchi zenye hatari kubwa ya utakatishaji fedha, na baadhi ya taasisi za Ulaya zikawa haziwezi kuweka hela mpya pale mpaka mambo yakae sawa. Kwenye ile ya FATF walitoka Oktoba 2021, haraka sana, na hilo linaonyesha serikali yao inavyolichukulia jambo hili kwa uzito maana ni mkate wao. Sisi wenyewe Tanzania tuliingizwa kwenye orodha hiyo Oktoba 2022 na kutoka Juni 2025, tunajua muamala wa kawaida wa nje unavyoulizwa maswali kipindi kile. Kampuni ndogo haina nguvu za kukaa miezi 3 hela imeganda benki.

Ile kodi ya kima cha chini cha dunia ya asilimia 15 mnayoisikia, hiyo ni ya makundi yenye mapato ya yuro milioni 750 kwenda juu, haiwahusu, mtu asiwatishe nayo wala asiwauzie ushauri juu yake.

Kwa hiyo mwekezaji wenu mumjibu nini? Msimkatalie moja kwa moja. Kama anaweka hela kubwa, na nyuma yake kuna wengine watakuja raundi inayofuata kutoka nchi tofauti, na mna kampuni tanzu Dar, Kampala na Kigali zinazofanya kazi kweli, kampuni mama ya Morisi ni kitu cha maana, na mtakuwa mmeifungua kwa sababu ya hisa na mikataba. Ila mwambieni vitu viwili vitatu mapema. Gharama za kuifungua na kuitunza zitoke kwenye hela ya uwekezaji na ziandikwe kwenye bajeti, zisiwe deni lenu ninyi waanzilishi. Wakurugenzi wa kule muwachague pamoja, muongee nao kwa simu kabla, muulize bodi ngapi wamekaa. Mtu aliyekaa kwenye bodi 80 hawezi kuisoma yenu, na mtu asiyeweza kukwambia hapana hatakusaidia siku ya mkaguzi. Na hisa zenu ninyi watatu, kuzihamisha kutoka kampuni ya Tanzania kwenda ya Morisi ni tukio la kodi lenyewe, lipigiwe hesabu sasa hivi kampuni ikiwa na thamani ndogo, msisubiri imeshapanda.

Hili la mwisho lina ndugu yake ambaye ni mkali zaidi. Watu wanaambiwa siku ya kuuza mtauza kampuni mama ya Morisi, kule faida ya hisa haina kodi, mmemaliza. Sheria yetu ina kifungu cha kubadilika kwa udhibiti: umiliki wa chini kabisa wa kampuni, yaani wa wale watu wa mwisho wanaoimiliki, ukibadilika kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na miaka 3 iliyotangulia, ile kampuni ya Tanzania inahesabiwa kama vile imeuza mali zake zote, na inadaiwa kodi yenyewe, hata kama karatasi zilisainiwa Port Louis na hela hazikugusa Dar. Nimeona mauzo yakikwama wiki ya mwisho kwa ajili ya hicho kifungu, mnunuzi anataka bei ipunguzwe na wauzaji ndo kwanza wanakisikia. Na hata raundi kubwa ya uwekezaji inayowashusha ninyi chini ya nusu, ulizeni kwanza kama kifungu hicho kinaigusa au hakiigusi.

Kama mwekezaji akikubali kuingia moja kwa moja kwenye kampuni ya Tanzania, hasa kama hela si nyingi, nawashauri mkubali. Wapo wanaokubali. Kama anakataa Tanzania lakini hana ugomvi na sehemu nyingine, mwulizeni na Kigali, Rwanda inajenga kituo chake cha fedha na kina sheria zake za kampuni mama, na ninyi Rwanda mnakwenda kufanya biashara kweli, mtu wenu mmoja akihamia pale na kuajiri watu hamtakuwa mnaigiza chochote mbele ya mkaguzi.

Huyo mshauri msimlipe bado. Mwandikieni barua pepe yenye maswali haya: anaombea leseni gani, ile kamili au Authorised Company, mapato ya ada za programu yanaingia kwenye kifungu kipi cha msamaha wa asilimia 80, na nani, kwa jina, ataamua mambo ya kampuni akiwa amekaa Morisi. Mwombeni ajibu kwa maandishi na aweke sahihi yake. Akijibu, niletee majibu yake pamoja na rasimu ya masharti ya mwekezaji, nitayasoma kabla hamjasaini.